Tete la Kumpimia Mtoto

Jumapili ile mtoto alipopimwa mara ya kwanza, tulikuwa watu watano mlangoni mwa nyumba yetu hapa Bwera. Nilikuwepo mimi, nimekaa kwenye kigoda, nachambua maharage. Alikuwepo mwanangu wa mwisho, anayefanya kazi Mweya katika jiko la hoteli ya watalii, na anayekuja nyumbani mara mbili kwa mwezi. Alikuwepo mke wake, mkamwana wangu, ambaye anauza nguo za watoto soko la Mpondwe. Alikuwepo binti yao wa miaka sita, mtoto wao wa pekee mpaka leo, na ndiye aliyesimamishwa. Na alikuwepo jirani yangu, mama Mkongomani wa upande wa Butembo, Mkatoliki, mjane kama mimi. Tumepakana ua tangu alipokimbia vita, na mtu akitaka kujua kama nipo nyumbani, anamwuliza yeye kwanza.

Majina yao wote ninayo, na majina ya baba zao, na ya wale waliowapa hayo majina. Siyaandiki kwa sababu mwanangu ameniomba nisiyaandike, na baada ya yale niliyofanya nimeona heri nimsikilize. Kuna mtu wa sita ambaye hakuwepo. Huyo nitamfikia.

Habari ilianza na simu. Mwanangu huko Mweya anawapikia watu wanaotoka nchi za mbali na watoto wao. Wanakaa siku tatu, siku nne, wanaangalia viboko, watoto wanakula viazi vya kukaanga, halafu wanarudi kwao. Alikuwa akija nyumbani ananieleza kama mtu aliyeona maajabu.

"Mama, wale hawaendi kuzika mtu. Hawaendi harusi, hawaendi hospitali. Wanaenda tu."

Sisi safari zetu zote zilikuwa na sababu. Nilikwenda Bugoye kumzika dada yangu. Nilikwenda Kasese kutibiwa macho. Nilivuka mpaka mara nyingi kununua vitenge. Kwenda tu, kwa ajili ya kwenda, sikuwahi, wala mama yangu hakuwahi. Lakini mwanangu aliliweka jambo hilo moyoni, akasema shule zikifungwa mwisho wa mwaka, yeye na mke wake watampeleka mtoto kwenye bustani moja ya michezo iliyo karibu na mji mkuu, kando ya ziwa. Pale, alisema, kuna gurudumu kubwa lenye viti ambalo linazunguka na watu. Kuna mabwawa yenye njia za kutelezea. Na kuna treni ndogo inayopanda reli polepole mpaka juu kabisa, kisha inajitupa chini.

Aliniwekea simu magotini nione. Niliona watu wamefungwa kwenye viti kwa vyuma kifuani, midomo wazi, nywele zimesimama. Na sauti zao zikatoka kwenye ile simu.

"Wanalia," nikasema.

"Wanacheka, Mama."

"Mlio wa mtu naujua. Hao wanalia."

Jirani yangu akaja kuangalia juu ya bega langu. Aliangalia mpaka mwisho, akaomba arudishiwe mwanzo. "Iko yote mbili, dada," akasema. "Banalia na banacheka. Ni vakansi ya batu ba pesa. Sisi kule kwetu tulilia bure, hakuna mutu alituuzia tikiti." Vakansi kwao ndiyo likizo.

Mkamwana wangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Na mimi nilicheka. Lakini mtoto alikuwa ameishika ile simu, macho hayapepesi, na kidole chake kilikuwa juu ya treni. Nikaona kwamba maneno yangu hayatamtoa pale.

Niliogopa vitu vingi, nisiseme uongo. Niliogopa barabara, maana magari makubwa yanayotoka Congo hayasimami kwa mtu. Niliogopa kundi la watu, mtoto akiachia mkono mara moja tu. Niliogopa vile vyuma vya kifuani, nani anavikagua. Lakini hofu za namna hiyo nimeishi nazo, ni kama mbwa wa nyumbani, unamjua. Hofu yenyewe iliingia nyumbani Jumapili ile, imefungwa kwenye gazeti.

Ile treni ina sheria. Pale inapoanzia wameweka ubao wenye picha ya nyani aliyenyosha mkono. Mtoto akigusa mkono wa nyani kwa kichwa chake, anapanda. Akipita chini yake, hapandi, hata alie namna gani. Mwanangu aliwapigia simu watu wa bustani, wakamwambia ule mkono uko juu kiasi gani. Basi akaazima futi ya seremala kule kazini, akapima tete moja zuri la mtoni, limenyoka, akalikata kwa urefu huo, akalifunga kwenye gazeti akaja nalo.

Alipolifungua, maharage yalinitoka mkononi.

Hapa lazima nieleze, maana vijana wengine hawajui tena. Kwetu mtu akifa, huchaguliwa mmoja wa ukoo anaingia ndani na tete. Analilaza kando ya marehemu, kutoka utosini mpaka kisigino, na pale linapozidi analivunja. Hilo tete linapelekwa kwa wachimbaji. Wakimaliza kuchimba halirudi nyumbani, linashuka naye. Ndiyo kazi ya tete. Mtu aliye hai hapimwi utosini mpaka kisigino. Fundi wa nguo anapima kipande kipande, bega, kiuno, mkono, na hiyo haina neno. Mtoto anayekua tunamjua kwa nguo kumbana. Mtoto anayetaka kuanza shule tunamwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akilishika, aende shule. Anapimwa kwa mwili wake mwenyewe.

"Baba," nikamwambia mwanangu, maana nikitaka anisikie namwita hivyo, "hicho kitu kitoe."

"Mama, ni tete tu. Si ulikuwa unatusukia mikeka nayo?"

"Kitoe nyumbani."

"Nimetoka nacho Mweya nikikishika kama yai. Wee, mtoto, simama hapa, visigino vishike mlango."

Mtoto akasimama. Alijinyosha mpaka mishipa ya shingo ikaonekana. Mwanangu akasimamisha tete kando yake. Lilimpita kwa upana wa kidole kimoja.

"Kidole kimoja," mwanangu akasema. "Una miezi miwili ya kukua kidole kimoja. Kula maharage ya Mukaka." Mukaka ndiye mimi, kwetu bibi anaitwa hivyo. Kisha akamgeukia mke wake. "Asipofika, tutangoja mwaka mwingine. Siwezi kumpeleka mbali hivyo halafu asimame chini akiangalia watoto wa wenzake."

Akaliegemeza tete kwenye pembe, nyuma ya mlango. Likabaki pale.

Sasa nimtaje wa sita.

Kabla ya kuja Bwera tulikaa Kilembe, mimi na mume wangu, katika nyumba za mgodi, mstari wa chini karibu na mto. Kiswahili hiki nilijifunza pale, kwa wake wa wachimbaji waliotoka kila upande. Mtoto wangu wa pili alikuwa msichana. Alipokuwa wa miaka sita, mume wangu alisema amekuwa mkubwa, asilale tena na sisi, apewe kitanda chake. Fundi wa kambi akasema, "Mama, niletee urefu wa mtoto." Mimi nilikuwa bado kijana, mama yangu hakuwepo kunikataza. Mchana mtoto amelala kwenye mkeka, nikachukua tete kutoka uzio, nikalilaza kando yake, nikalivunja penye kisigino. Nikampelekea fundi, nikafurahi.

Surua ilipita kambini mwezi huo, ikamchukua. Fundi alikuwa amekata mbao lakini hajazipigilia. Alipokuja kutupa pole, mume wangu akamwuliza kama anataka kuingia kupima. Akasema hapana, kipimo anacho.

Sikumwambia mtu maneno hayo. Mwanangu wa mwisho alizaliwa baadaye sana, alijua tu kwamba alikuwa na dada.

Basi mnielewe nilipokuwa nafagia. Nilifagia nyumba yote, nikifika kwenye ile pembe ufagio unazunguka. Nikikaa kula, nakaa pale ambapo siwezi kuliona, halafu naona kuliona ni afadhali, nahama. Mtoto akilikimbilia asubuhi kujipima kabla ya shule, mimi naita, "Njoo uchukue ndizi," na akija naona kwamba amekua. Kila siku alikuwa akilikaribia. Kidole kikawa nusu kidole. Wenzangu walifurahi. Mimi niliona siku inakuja ambapo tete na mtoto watalingana, hakuna hata unywele kati yao, na nilijua kipimo kikishalingana na mtu kinakuwa cha nani.

Kulichoma tu hakusaidii, wangekata lingine. Nilifikiri siku nyingi. Kisha siku moja ya soko, mkamwana yuko Mpondwe, mtoto yuko shule, nikachukua panga nikashuka mtoni. Nilikata tete linalofanana na lile, unene ule ule, rangi ile ile, ila refu zaidi kwa vidole vitatu. Nilirudi nikalisimamisha penye pembe. La kwanza nililivunjavunja nikalitia jikoni chini ya sufuria ya muhogo, na ule muhogo sikuula.

Niliona nimefanya vizuri mara mbili. Mtoto hatafika, kwa hiyo hawatakwenda. Na lile la nyumbani si urefu wake, wala halitakuwa mwaka huu. Tete lisilolingana na mtu halina mtu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile niliweza kufagia pembe.

Jumapili iliyofuata mwanangu hakuwepo. Mkamwana alimsimamisha mtoto mlangoni. Akaliweka tete. Akaliondoa, akaliweka tena.

"Simama vizuri."

"Nimesimama, Mama."

"Nyosha magoti."

"Yamenyoka."

Mkamwana akanitazama. "Mama, njoo uone. Juzi alikuwa nusu kidole. Sasa ni vidole vitatu na zaidi."

"Macho yangu unayajua," nikasema.

Mtoto alikuja jikoni nyuma yangu. Hakulia. Alisimama anashika kitenge changu. "Mukaka," akasema, "mtu anaweza kupungua?"

"Nani amekuambia?"

"Mimi nimepungua."

Nikamwambia watoto hawapungui, wazee ndio wanapungua, aniangalie mimi. Alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Halafu akauliza, "Wanapungua mpaka wapi?"

Nikamtuma maji.

Juma hilo nyumba ilibadilika. Mkamwana alimnunulia mtoto maziwa kila asubuhi, akamlisha samaki, akamwuliza kama tumbo linauma, kama anaota ndoto mbaya. Alimpeleka kliniki wakamtazama, wakasema mtoto mzima huyu, lakini hakuwaamini, kwa sababu yeye aliona kwa macho yake. Aliniuliza kama kwenye ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kusimama kukua. Nilisema hakuna. Aliniuliza kama kuna mtu ana kinyongo na sisi. Nilisema sijui. Nilikuwa na uwezo wa kumtoa pale kwa maneno mawili, na sikuyasema, kwa sababu aliponiuliza alikuwa pia anasema, "Basi, treni tuiache mwaka huu." Nilikuwa nangoja aliseme hilo kwa mume wake.

Siku ya Jumanne jirani yangu alikuja kuomba chumvi akamkuta mtoto amekaa kizingitini, mikono kidevuni.

"Nani amekufa hapa?" akauliza.

"Nimekuwa mfupi," mtoto akasema.

"We iko mufupi tangu nakujua. Mimi pia iko mufupi, na nilipata bwana babili." Mtoto hakucheka. Jirani akainama kwake. "Sikia. Kule kwetu mutoto mufupi anashika tawi ya muti, ananing'inia kama popo. Miguu inavutika. Moya, mbili, tatu, anakuwa murefu kama askari."

Mtoto akageuka kunitazama kama ni kweli. Nami nilicheka. Nilicheka kwa sababu tulikuwa tumezungumza habari za urefu na hakuna aliyelitazama lile tete. Ningeweza kusema, huyo mama anakutania. Sikusema.

Jumatano mchana nilikuwa uani nageuza kahawa kwenye mkeka. Mtoto alikuwa ametoka shule, nilimsikia akipita. Nilisikia tawi la mpera ulio mpakani na jirani likilia, kisha sikusikia kitu.

Nilikwenda. Sijui nilikwenda namna gani, maana goti langu moja halikunjiki. Mtoto alikuwa amelala chali chini ya mpera, miguu pamoja, amenyoka, mkono mmoja uko chini ya mgongo wake. Macho yamefungwa. Alikuwa amekuja na tete ili ajipime kila anaposhuka, na tete lilianguka naye. Lilikuwa limelala kando yake, kutoka utosini mpaka kisigino, na kupita kisigino.

Nitaandika nilichofanya, kwa sababu wengine wameniuliza na nimewaficha. Sikumgusa mtoto. Nililichukua tete kwanza. Nililivunja gotini, nikavunja vile vipande, nikavunja vipande vya vipande, mpaka mikono ikatoka damu. Jirani yangu alipofika kwa kupitia kwenye uzio, alinikuta natafuta kipande kilichobaki kwenye majani, na mtoto yuko pale chini.

"Dada, unafanya nini. Mutoto iko chini. Dada."

Yeye ndiye aliyepiga magoti. Alimshika shavu, akamwita jina lake lote, lile la kwetu na lile la ubatizo. Mtoto akafungua macho. Hakumtazama yeye, alinitafuta mimi.

"Mukaka," akasema, "nimefika?"

Mkono ulikuwa umevunjika mahali pamoja, juu kidogo ya kifundo. Hospitali waliufunga plasta nyeupe mpaka kwenye kiwiko. Walisema kichwa hakina kitu, ni kwamba pumzi ilimtoka. Tukiwa kwenye benchi tunangoja mkamwana afike kutoka sokoni, jirani yangu alinifunga kitambaa kwenye viganja. Alifunga polepole.

"Ile tete ilikukosea nini?" akauliza.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, la mtoni na la Kilembe. Alisikiliza hadi mwisho, akiwa ameshika mkono wangu kama mganga anayesikiliza mshipa.

"Batu ba kwako bajue kwa mudomo yako," akasema. "Mimi nitakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu sijiamini, mudomo yangu unaijua."

Mwanangu alikuja kesho yake kutoka Mweya, bado amevaa nguo za jikoni. Mtoto alikuwa amelala. Tulikaa watu wazima watatu chumbani, nikasema mara moja, bila kuzunguka. Tete lilikuwa langu. La kwake nililichoma. Mtoto hakupungua hata kidogo.

Mwanangu akasema, "Kwa hiyo ni wewe ulimpunguza mtoto wangu."

"Ni mimi."

Mkamwana hakunitazama. Alikuwa anakunja nguo ya mtoto, anaikunjua, anaikunja. "Nililia sokoni," akasema. "Mbele ya wateja. Nilimuuliza Mungu nimekosa nini. Na wewe, Mama, ulikuwa unaniletea chai."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaniletea chai."

Siku tatu hakusema nami, ila chakula changu kilikuja kwa wakati, na chumvi ilikuwa sawasawa. Hilo lilinichoma kuliko angeninyima.

Siku ya nne mwanangu, kabla ya kurudi kazini, alikuja kukaa kwenye kizingiti karibu na kigoda changu. Akauliza kwa nini. Ndipo nikamwambia habari ya dada yake, mkeka, tete la uzio, fundi. Sijawahi kuyasema kwa sauti kwa mtu wa damu yangu. Alikuwa anatazama barabara.

"Kitanda kilikuwa cha mbao gani?" akauliza.

"Za makasha ya mashine za mgodi. Zilikuwa na maandishi meusi."

"Yaliandikwa nini?"

"Kizungu. Sikuweza kuyasoma."

Akatikisa kichwa kidogo. Alikaa mpaka pikipiki yake ikaja. Aliposimama aliniwekea mkono begani, akauacha pale muda, kisha akaenda. Hakusema amenisamehe na sikumwuliza.

Plasta imetolewa juma lililopita. Mkono umetoka mwembamba, una vumbi jeupe, na mtoto anautembeza kwa watu kama kitu alichonunua. Shule zimefungwa. Mwanangu amepewa likizo, neno hilo sasa ni letu. Alisema hakuna tena kupima nyumbani, si kwa tete, si kwa futi. Watakwenda, na pale kwenye ubao wa nyani mtoto atasimama. Akigusa, apande. Asipogusa, kuna gurudumu, kuna maji, kuna viazi vya kukaanga.

"Na wewe unakuja, Mama," akasema.

"Mimi nifanye nini huko?"

Mkamwana ndiye aliyejibu, kutoka jikoni, na hayo yalikuwa maneno yake marefu ya kwanza kwangu tangu siku ile ya chumbani. "Usimame naye kwenye huo ubao. Ili ukiogopa, uogope mbele yetu, tukuone."

Nimekubali. Nimefua kitenge changu cha misa, nimekaanga karanga. Jirani yangu ameahidi kulisha kuku, na ameniomba nimletee foto ya watu wanaolia kwa pesa. Jana nilimwita mtoto, nikamwambia apitishe mkono ule uliovunjika juu ya kichwa, ashike sikio. Alilishika, akavuka mpaka ndewe. Lakini sitasema kwamba hofu imetoka. Ninajua kwamba pale mbali kuna ubao unangoja, na mtoto atasimama kando yake utosini mpaka kisigino, mbele yangu, na labda siku hiyo hiyo atalingana nao.

Kwa hiyo ninaandika haya sasa, kabla hatujaondoka, kwa sababu kuna jambo sina hakika nalo, na mimi si mtu wa kusahau. Ukiniuliza nani alikaa nyumba gani pale Kilembe, mstari wa chini wote, nitakutajia mpaka watoto wachanga. Lakini mchana ule wa mkeka umenichezea. Nikifunga macho namwona binti yangu amelala amenyoka. Na hapo hapo nakumbuka kwamba mtoto yule hakulala hivyo hata siku moja. Alilala kwa ubavu, magoti yamefika kidevuni, kama paka. Kama siku ile pia alikuwa amejikunja, basi tete langu halikumpima. Lilipima kitu kingine, na urefu wake ulibaki kwake. Na fundi, nilimsikia akisema kipimo anacho, lakini nilikuwa nimefunikwa kitenge usoni. Huenda baadaye aliingia akapima upya, nami sikuona.

Fundi amekufa. Dada yangu aliyekuwa amekaa mlangoni siku hiyo ya msiba amekufa. Lakini mke wa jirani wa kushoto alikuwa na msichana mkubwa, wa miaka kumi hivi, aliyekuwa anaingia na kutoka kwetu bila kubisha, na mchana ule alikuwepo, alikuwa anakula muwa. Jina lako ninalo. Kama uko hai na haya yakakufikia, au kama wewe ni mtoto wake na aliwahi kukusimulia, niambie alikuwa amelala vipi. Na mtu mwingine yeyote wa mstari ule, kama hapa nimeweka mtu mahali ambapo hakuwepo, au nimemtia mtu maneno ambayo si yake, nirekebishe, sitakasirika. Uliza Bwera kwa mama Mkongomani anayelisha kuku wa jirani. Tunaondoka Alhamisi.